Kabla Hujalipia DT Kuukuu

Mwambie muuzaji asiiwashe pikipiki mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja kwenye mapezi ya silinda. Ikiwa na joto, ameshaipasha kabla yako, na una haki ya kuaga ukarudi kesho. Injini ya mipigo miwili ikishapata moto huficha maradhi yake mengi. Ikiwa ya baridi husema ukweli.

Nazungumzia Yamaha DT, zile ndefu za cc 125 na 175 zinazopozwa kwa hewa. Ukoo wake ulianza mwaka 1968 na DT-1 ya cc 250, na kwetu wadogo zake walikuja na miradi na idara za Serikali: bwana shamba, bwana mifugo, watu wa chanjo. Ndiyo maana hadi leo unaikuta imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala la halmashauri au nyuma ya parokia, vumbi limeifunika, na mtu yuko tayari kuiuza. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 21, linapanda jiwe ambalo pikipiki ya bodaboda ingeligonga. Uzito wake ni karibu kilo 100, hivyo ikilala kwenye tope unaiinua peke yako. Mimi nimezunguka nayo Mbeya na Makete kwa miaka, na sijaona chombo kinachozifaa njia zile kuliko hiki. Nataka na wewe uipende, usiichukie kwa kosa la siku ya kwanza.

Kosa lenyewe ni kununua rangi. Tangi jipya machoni, stika, siti iliyoshonwa upya: hayo yote mtaani ni kazi ya siku mbili. Kinachoiua DT ni hewa inayoingia pasipotakiwa na oili isiyofika panapotakiwa.

Tuanze na hewa. Katika injini hii, hewa na petroli hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, chini ya pistoni, ndipo zisukumwe juu zikaungue. Chumba hicho lazima kizibe kabisa. Kila upande wa krenki kuna sili ya mpira, na mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imelala stoo. Sili ya upande wa klachi ikifa, chumba kinanyonya oili ya giaboksi. Utaona moshi mweupe mzito usiokatika hata injini ikishachemka, na oili ya giaboksi itapungua bila tone kudondoka chini. Inakera, lakini angalau inajitangaza.

Sili ya upande wa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa injini, ndiyo ya kuogopa. Ikifa, inanyonya hewa tupu. Moshi unakuwa mdogo, pikipiki inaonekana nyepesi, mnunuzi anafurahi, kumbe petroli na oili zimezidiwa na hewa na joto linapanda mpaka pistoni inavimba. Dalili yake isikilize kwenye sailensa: vuta mafuta kidogo, kisha achia. Mlio wa injini yenye afya hushuka mara moja. Mgonjwa hubaki analia juu kwa muda, na wakati mwingine mlio unapanda wenyewe bila mkono wako.

Mimi niliusikia mlio huo siku niliyonunua ya kwanza, nikadhani ni kebo imekwama. Nililipa, nikaondoka. Hazikufika kilomita 40 injini ikanoki, tairi la nyuma likafunga, na kilichoniokoa ni vidole viwili vilivyokuwa tayari kwenye klachi. Fundi mzee aliyeifungua alinionyesha pistoni iliyochubuka upande mzima, akaniambia, “Mdogo wangu, hii haikufa leo. Ilikuwa inaumwa ulipoinunua, na ilikuwa inakuambia.”

Tangu hapo, DT yoyote inayoingia mikononi mwangu hubadilishwa sili zote mbili kabla haijaenda popote. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na pistoni na kuchonga silinda. Ila usikubali fundi alitoe gurudumu la magneto kwa nyundo. Lina kifaa chake cha kulivutia, na kama hana, azime kwa mwenzake.

Sasa oili. DT ilitoka kiwandani na pampu inayonyonya oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili, kwenye kitangi chake na kuipima kufuata mkono wa mafuta. Kwa hiyo petroli ilitiwa tupu. Wengi waliziondoa pampu hizo zilipochakaa wakaanza kuchanganya wenyewe. Shida huja pikipiki inapobadilisha mikono: mwenye zamani alichanganya, hakusema, na wewe umeona kitangi cha oili kimejaa ukatia petroli tupu. Basi uliza waziwazi, “Ina pampu au unachanganya?” Kisha usiridhike na jibu. Fuata mpira wa oili kwa kidole kutoka kitangini mpaka unapoishia. Ukibaki na shaka yoyote, changanya. Mimi natia mililita 40 kwa kila lita ya petroli, natikisa galoni vizuri ndipo namimina.

Na ubebe oili yako. Bodaboda za siku hizi ni za mipigo minne, hivyo kibanda cha kijijini kitakupa oili nzito ya injini, ambayo si mbadala wa 2T. Huku Makete na Njombe ukiishiwa, watafute wapasua mbao: kila mwenye chenso ana chupa ya 2T.

Ukikubaliwa kufungua kichwa cha silinda, ambacho ni nati nne tu, safisha kaboni juu ya pistoni usome namba iliyogongwa pale. Pistoni ya kiwandani ya 175 ina milimita 66, ya 125 ina 56. Kila silinda inapochongwa, pistoni huongezwa robo milimita: 25, 50, 75, mpaka 100. Ukikuta 100, silinda haina nyama tena, na safari ijayo itahitaji slivu mpya, yaani bomba la ndani la silinda. Hiyo haikuzuii kununua, ila inapaswa kushusha bei.

Mengine ni ya dakika tano. Gonga spoki moja moja kwa spana, iliyolegea inalia kama bati. Sukuma gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha. Angalia nyufa za fremu karibu na vikanyagio.

Karatasi zinataka muda zaidi. Namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini zilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa ilikuwa na namba za DFP, yaani mali ya mradi wa wafadhili, kuna uwezekano mkubwa iliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na kodi hiyo hudaiwa inapohamia kwa mtu binafsi. Barua ya mnada peke yake haitoshi. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, na namba hizo kabla ya kulipa, na muuzaji asiyetaka mwende pamoja, mwache na pikipiki yake.

Ukishaipata, jifunze kusimama. Kwenye makorongo na mawe simama juu ya vikanyagio, magoti yalegee kidogo, uiache pikipiki icheze chini yako. Macho yaende mbele, si kwenye tairi. Kwenye mchanga rudisha uzito nyuma na usikate mafuta ghafla, maana gurudumu la mbele litazama.

Lakini somo kubwa la kuendesha DT liko kwenye mteremko. Oili huingia ikifuatana na mkono wa mafuta, iwe kwa pampu au kwa kuchanganya. Ukiufunga huku mteremko unaizungusha injini kwa kasi, inazunguka karibu kavu. Barabara ya Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na ukishuka kona zote hizo mkono umefungwa unaomba balaa. Tumia breki, na kila baada ya muda mfupi shika klachi uvute mafuta kidogo ili injini inywe.

Na kumbuka ulikotoka. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600, hewa ni nyepesi na DT hupoteza takriban robo ya nguvu yake ya pwani. Huko juu mimi hupandisha klipu ya sindano ya kabureta mtaro mmoja ili petroli ipungue. Nikifika Chimala kitu cha kwanza ni kuirudisha, kwa sababu hewa ya huku chini, bonde la Usangu, ni nzito na injini itakuwa na njaa ya petroli. Kisha naenda kilomita chache tambarare mkono nusu, nashika klachi, nazima papo hapo, naegesha kando na kufungua plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia, naendelea na safari. Ikiwa nyeupe, nashusha klipu mtaro mwingine kabla sijaingia lami ya kwenda Mbeya.