Safu ya Maswali: Mdogo wangu yuko Atlanta, achukue bima ya bure au ya kulipia?

Desemba 2024

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi niko Buzuruga hapa Mwanza, nauza kwenye duka la dawa kwaiyo bima za huku nazijua kiasi chake, ila hii ya Marekani imenipiga chenga. Mdogo wangu yuko Atlanta, jimbo la Georgia, anaendesha Uber, hajaoa, na ana pumu toka utotoni. Zamani bima alikuwa anachagua kwenye tovuti ya serikali yao kuu, mwaka huu jimbo limefungua soko lake lenyewe na ana mpaka katikati ya Januari awe amechagua. Kanitumia skrinishoti nyingi mpaka simu ikajaa, kabakiza mbili. Moja inaitwa Bronzi, kwa mwezi halipi hata senti, ila akiumwa anatangulia kulipa mwenyewe mpaka dola 7,500 ndo bima ianze, na kwa mwaka mzima hawezi kudaiwa zaidi ya dola 9,200. Nyingine ni Silva, dola 28 kwa mwezi, anatangulia dola 700, baada ya hapo anachangia asilimia 20 ya bili, na mwisho wake kwa mwaka ni dola 3,000. Yeye anataka ya bure, anasema hiyo hela bora amtumie mama. Mi roho inasita. Halafu akija likizo mwezi wa sita, hiyo kadi hospitali ya Bugando wataipokea?
Dada wa Buzuruga

JIBU: Dada, usimwachie achukue hiyo ya bure kabla hujapiga naye hesabu, na hesabu yenyewe haichukui hata dakika kumi.

Kwanza tuelewane hilo soko ni nini. Sheria yao ya mwaka 2010, ile watu walioipachika jina la Obama, ndiyo iliyoleta haya masoko na yakafunguliwa Oktoba 2013. Serikali pale haiuzi bima, wanaouza ni makampuni binafsi, yeye serikali anaweka meza moja ili bei zionekane pamoja halafu anakusaidia kulipa kulingana na kipato chako. Majimbo mengine yana meza zao, mengine yanatumia ile ya serikali kuu, na Georgia ndo imehamia kwenye ya kwake, Georgia Access, tarehe 1 Novemba 2024, dirisha linafungwa Januari 15, 2025. Bronzi, Silva, Goldi na Platinamu sio ubora wa madaktari wala wa vitanda. Ni mgawanyo wa bili tu. Kwa wastani Bronzi inabeba kama asilimia 60 ya gharama, Silva 70, Goldi 80, Platinamu 90, zinazobaki ni za kwako.

Sasa hesabu. Mwaka ambao haumwi kabisa, Bronzi sifuri, Silva dola 28 mara miezi 12 ni 336. Hapo mdogo wako kashinda, sawa. Mwaka wa kawaida wa mtu mwenye pumu, tuseme bili zake zote zimefika dola 2,000: kwenye Bronzi analipa zote 2,000 mwenyewe maana hajafika hata karibu na 7,500, kwenye Silva analipa 700, halafu asilimia 20 ya zile 1,300 zilizobaki ambayo ni 260, jumlisha na 336 ya mwaka unapata 1,296. Mwaka mbaya, Mungu apishie mbali, kalazwa wiki nzima na oksijeni: Bronzi 9,200, Silva 3,000 na ile 336, jumla 3,336. Yani hiyo bure siku mambo yakiharibika inamgharimu karibu dola 5,900 zaidi, na mtu wa Uber akilazwa hana mshahara unaoingia akiwa kitandani, hela ya mama itatoka wapi?

We mwenyewe dukani kwako umeshaona watu wangapi wenye pumu wanaokaa mwaka mzima bila kushikwa? Hawapo wengi.

Kuna kitu kingine kwenye hizo skrinishoti ambacho naona hakukishtukia. Silva ya kawaida haiwezi kuwa na mwisho wa dola 3,000, hiyo imepunguzwa. Wenzetu wana punguzo la aina mbili. La kwanza linashusha malipo ya kila mwezi na unaweza kulitumia kwenye daraja lolote. La pili linashusha ile hela ya kutangulia, kuchangia na ule mwisho wa mwaka, ila linatoka ukichukua Silva PEKE YAKE, ukienda Bronzi unaliacha mezani na hakuna wa kukukumbusha. Linawahusu wenye kipato kisichozidi mara mbili na nusu ya mstari wao wa umaskini, na kwa mtu mmoja mstari unaotumika kwa bima ya 2025 ni dola 15,060, kwaiyo kipato kisizidi dola 37,650 hivi. Walio chini ya mara mbili ya huo mstari ndo wanafaidi haswa, kwao kampuni hairuhusiwi kuweka mwisho wa mwaka unaozidi dola 3,050 kwa mtu mmoja. Mdogo wako yumo humo bila shaka.

Kuhusu kipato awe mkweli, na kwa dereva kinachoandikwa ni kinachobaki baada ya kutoa gharama za kazi, sio kila dola iliyopita kwenye simu. Akiingiza zaidi ya alichokadiria, wakati wa kufunga hesabu za kodi anaweza kurudisha sehemu ya lile punguzo la kwanza, la pili halidaiwi. Akikadiria chini ya huo mstari, Georgia punguzo la kila mwezi linaweza kumpotea kabisa, kwaiyo ule ujanja wa kujifanya maskini kupita kiasi haulipi.

Kabla hajabonyeza, aangalie vitu viwili hata kama dirisha linakaribia kufungwa. Orodha ya dawa: kila mpango una yake na dawa zimepangwa kwa madaraja, atafute kwa jina ile inhela ya kuzuia anayovuta kila siku, sio ile ya dharura tu, maana inhela mbili zinazofanya kazi moja zinaweza kuwa madaraja tofauti na bei mbali mbali kabisa. Na orodha ya hospitali zenye mkataba. Akiona imeandikwa HMO ajue akitoka nje ya hizo hospitali bima hailipi, isipokuwa dharura, na mara nyingi lazima apite kwa daktari wake wa kwanza kama sisi tunavyoanzia zahanati ndo upewe rufaa. Asiamini orodha ya mtandaoni, apige simu kwa huyo daktari aulize wanapokea mpango huu kwa jina lake kamili.

Halafu hili linaniudhi. Ukitafuta bima mtandaoni watakupigia watu kibao, na kati ya wanavyouza kuna bima za muda mfupi ambazo hazifuati ile sheria ya 2010. Mipango ya sokoni hairuhusiwi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya pumu, hizo nyingine wanaruhusiwa. Aanzie georgiaaccess.gov. Akitaka wakala ni sawa, wakala analipwa na kampuni, mteja hatoi kitu.

Na hiyo dola 28 ni bei ya 2025. Msaada mkubwa uliomo kwenye bei hiyo uliongezwa 2021 na sheria iliufikisha mwisho wa 2025 tu, kwaiyo dirisha lijalo alinganishe upya, asiache mfumo umwandikishe wenyewe akiwa amelala.

Bugando? Hapana. Mipango mingi ya sokoni haivuki mipaka ya Marekani, hapa atakuwa mgonjwa wa kulipa taslimu kama wengine. Akate bima ya safari ya wiki hizo atakazokuwa huku, asome vizuri kama inabeba ugonjwa aliokuwa nao tayari maana nyingi zinaukwepa, na inhela za kutosha aje nazo kwenye begi la mkononi.

SWALI: Shkamoo mhariri. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nina mke na watoto watatu. Hii CHF, bima ya mfuko wa afya ya jamii, ya elfu 30 inasaidia kweli au natupa hela?
Kijana wa Mwaloni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kata. CHF iliyoboreshwa kwa bei ya 2024 ni shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, nyie mko watano mnaenea na nafasi inabaki, wewe mwenyewe unajua hiyo ni hela ya dagaa ndoo ngapi. Unachotakiwa kujua ni inapoishia. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, unapanda hospitali ya wilaya, kwa rufaa unafika Sekou Toure ambayo ni ya mkoa. Bugando ni ya kanda, huko haifiki. Kwa malaria, kuhara na vifua vya watoto, ambavyo ndo vinawapeleka hospitali mara nyingi, inakutosha, ila operesheni kubwa ya Bugando itakukuta na mfuko wako, kwaiyo biashara ikichanganya ulizia vifurushi vya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, uone unaweza kipi. Mwenyekiti wa mtaa wako atakuonyesha afisa mwandikishaji, anasajili kwa simu na anapiga picha, nenda na familia yote siku hiyo hiyo maana mtoto asiyesajiliwa hatibiwi kwa kadi ya baba.