Jibu: ER chanya, HER2 hasi, mbona mama kapewa vidonge tu?

Habari dada, poleni. Unauliza kwa nini mama mwenye saratani ya matiti kapewa vidonge vya kuzuia homoni baada ya upasuaji bila kemo (dawa kali za kuua seli za saratani). Nimemuuguza dada yangu mwenye majibu kama hayo. ER chanya maana yake seli za saratani huchochewa na estrojeni (homoni ya kike), na HER2 hasi maana yake hazina protini ya HER2 kupita kiasi. Vidonge hukata kichocheo hicho cha estrojeni, kwa kawaida kwa miaka 5 au zaidi. Ni tiba halisi, hawajampuuza. Kwanza soma ripoti ya uvimbe uliotolewa: ukubwa, gredi (seli zilivyo kali), na hasa kama saratani imefika kwenye tezi za kwapani. Kemo huamuliwa kwa sehemu kubwa hapo, kwa hiyo muulize daktari ukiwa na karatasi mkononi. Viungo vikimuuma, asiache vidonge kimyakimya. Aseme, vipo vya kubadilishia.