Mume anataka turudi kwao Konde, mimi na mama yangu tuko Mjini

*Assalamu alaykum Shangazi. Nina miaka 34, mzaliwa wa Kwahani, nashona madira na kanzu nyumbani. Mume wangu kwao Konde, Pemba. Baba yake alifariki mwaka juzi akaacha nyumba na mikarafuu, na sasa anataka tuhamie huko kwa sababu kodi ya hapa imetushinda. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo yuko darasa la tatu. Mama yangu ana sukari na hapa Unguja hana mtoto mwengine ila mimi. Nikikataa nitaambiwa namzuia mume na kwao. Nifanye nini?*

Waalaykumu salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesita pale ulipoandika marehemu "akaacha nyumba na mikarafuu". Kamwachia nani? Mumeo ana ndugu wangapi, na mama yao yuko hai? Kama mirathi haijagawiwa, basi nyumba mnayoiendea ni ya warithi wote, na wewe utaingia na watoto wako kama mgeni wa mawifi na mashemeji. Mwaka wa kwanza mtapendana. Msimu wa karafuu ukija, kila mmoja atauliza hesabu yake.

Mwambie mumeo, kwa upole na mkiwa wawili tu, kwamba unataka mirathi imalizwe kwanza. Hiyo ni kazi ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na si ugomvi kwenda huko. Muulize pia mikarafuu iko juu ya ardhi ya nani, maana Pemba mti una mwenyewe na ardhi inaweza kuwa na mwenyewe mwengine. Ikiwa ni zile eka tatu za Serikali zilizotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964, karatasi zake zitizamwe na mtu anayezijua.

Tena usipige hesabu ya maisha kwa karafuu peke yake. Mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka unaofuata huweza kukupa kiasi cha kulipa wachumaji tu, na wao wanataka walipwe kila pishi, yaani kila kipimo cha karafuu walizochuma. Mche mpya nao unausubiri miaka sita, saba, ndiyo uanze kukupa kitu. Charahani yako ndiyo itakayolisha nyumba miezi iliyobaki, kwa hiyo isiachwe nyuma, wala usikubali kuambiwa "utaanza upya huko, Mungu atajaalia" bila kujua utashonea wapi na nani atanunua.

Mimi nimekaa Wete miaka minne, na nasema haya kwa mapenzi. Majirani walinipokea kwa mihogo na samaki kabla sijafungua mizigo. Lakini usiku wa mwanzo nililia kwa ule ukimya, na miezi ya kusi, bahari ikichafuka pale mkondo wa Nungwi, baina ya Unguja na Pemba, nilikuwa nikihesabu siku za kumwona mama yangu. Kwako safari ni ndefu zaidi: ukishuka bandari ya Mkoani, kusini, unakipita kisiwa kizima hadi ufike Konde. Kwa hiyo nenda kwanza ukakae wiki tatu, na uende wakati wa masika, si Sikukuu wala msimu wa mavuno. Nyumba ivuje ukiwemo, ndoo ya maji uibebe wewe, daladala uisubiri na mtoto mkononi. Ukirudi utajua.

Binti asihamishwe kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Abaki kwa bibi yake mpaka mwaka wa skuli uishe. Atamsaidia kufuatilia dawa, na bibi atamsimamia yeye. Mdogo atazoea haraka. Mkiamua kwenda, usisahau kumuaga sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa wa hapa, na kuchukua barua ya kumpelekea sheha wa huko.

Kumzuia mume na kwao si jambo ulilofanya, na usikubali kubebeshwa. Anayeomba ajue anachokwenda kuishi nacho hajakataa.

Jambo moja limenikaa moyoni. Barua yako yote inamzunguka mama, lakini hukuandika yeye kasema nini. Leo baada ya Magharibi kaa naye, mpe chai yake, umuulize.