Usirende MP4 moja kwa moja, toa PNG kwanza

Simamisha hiyo kazi. Umeandika kwamba usiku huu unaiacha Blender, programu ya michoro ya 3D, irende (ikokotoe picha za mwisho za) toro yako inayozunguka, lile umbo la donati uliloliunda kwa fomula, kwa sekunde 30 ikitoa MP4, na kwamba unataka ushauri wa rangi, mwanga na kadi ya picha. Kwa mpangilio huo, asubuhi huenda usiwe na kitu cha kupaka rangi.

Piga hesabu. Sekunde 30 kwa fremu (picha moja moja za video) 24 kila sekunde ni fremu 720. Umesema fremu moja inakula sekunde 40 kwenye Cycles, injini ya Blender ya kurenda, basi ni saa 8. Sasa umeme ukatike kwenye fremu ya 690, au kumbukumbu ya kadi ijae. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake, ile inayoonyesha kila fremu imekaa wapi, mwishoni kabisa faili linapofungwa. Lisipofungwa, unabaki na faili zito lisilofunguka. Fremu 689 zimo humo humo, kazi ya zaidi ya saa saba na nusu, na kuzichomoa ni shughuli pevu.

Wanaoniudhi ni hawa wafundishaji wa video za dakika tano: "chagua MP4, bonyeza, umemaliza." Wanaonyesha mchemraba wa fremu 50 unaokwisha wakiwa bado wanaongea. Kuhusu uso wa umbo wenye vipande laki moja, vioo na vivuli, hawasemi neno. Anayeanza anawaamini, anapoteza usiku mzima, kisha anadhani fomula yake ndiyo mbovu!

Kwenye mipangilio ya matokeo chagua PNG, yaani kila fremu iwe faili lake la picha, kisha RGB, biti 8. Fungua folda mpya, weka jina toro_ ili zitoke toro_0001.png hadi toro_0720.png. Ondoa tiki kwenye "Overwrite". Mashine ikizimika, futa picha ya mwisho kwani huenda imeandikwa nusu, kisha renda upya animesheni yote: Blender itaziruka zilizopo na kuendelea palipokatika. Kama uliweka tiki kwenye "Placeholders", tafuta na faili za baiti 0 uzifute, maana nazo zitahesabiwa kuwa zimekwisha. Ukibadili mwanga au fomula, badili na folda, la sivyo picha za zamani zitabaki katikati ya mpya na uso utarukaruka rangi.

Fremu 310 hadi 340 zikitoka na chengachenga, unarudia hizo 31 tu, dakika 21 hivi. Kwa MP4 ungerudia saa 8 zote. Na kabla ya kulala, weka "Step" iwe 20 (inarenda fremu moja katika kila 20) kwenye folda ya majaribio: fremu 36, dakika 24, na kosa kubwa litajionyesha mapema.

Picha zikikamilika, ziunganishe kwa amri hii ya ffmpeg, programu ya kushughulikia video:

ffmpeg -framerate 24 -i toro_%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p toro.mp4

Ukisahau -framerate, ffmpeg inachukua 25, video inaisha kwenye sekunde 28.8 na sauti inapishana nayo. Ukiacha yuv420p, namna ya kuhifadhi rangi za video, picha za RGB hutoka kama yuv444p, na simu nyingi hazichezi hiyo. Upana na urefu viwe namba shufwa. 1920 kwa 1080 iko sawa.

Mzunguko usikwame: nyuzi 0 kwenye fremu 1, nyuzi 360 kwenye fremu 721, mwendo uwe wa kasi moja, lakini renda hadi 720 tu, kwa sababu ya 721 ni ile ile ya kwanza. Ukiona mshono kwenye toro, weka tiki "U wrap" na "V wrap" unapounda uso.

Kama tayari umeshaanza kurenda, bonyeza Esc, usizime mashine kwa nguvu. Ukibonyeza Esc faili linafungwa vizuri na fremu zilizokwisha kutoka zitachezeka. Kisha hamia PNG.