Dele mbili kwenye seredani moja

Kahawa nimeianza kabla sijaota ndevu. Kwetu Lamu mtoto hutumwa kupeleka vikombe barazani, na akirudi hupewa tone lililobaki. Daktari aliponiambia moyo wangu unarukaruka na nipunguze kafeini, kile kinachochangamsha kwenye kahawa, ilikuwa kama ameniambia nihame mtaa wangu wa Langoni. Nilibisha wiki mbili nzima, mpaka usiku mmoja moyo uliponidunda hadi adhana ya alfajiri. Hapo nikakubali yaishe, nikaanza kuitafuta kahawa isiyo na kafeini. Mke wangu aliibatiza jina siku ya kwanza alipoionja: kahawa bubu.

Nilianza kwa kukosea. Niliacha kahawa ya kawaida kwa mkupuo, Jumatatu asubuhi. Jumanne adhuhuri kichwa kilikuwa kinapasuka. Mwili uliozoea kafeini huanza kulalamika ndani ya saa 12 hadi 24, siku ya pili huwa mbaya zaidi, na maumivu yanaweza kukaa hata wiki. Wanaofunga Ramadhani wanakijua kichwa hiki cha siku za mwanzo. Tunaisingizia njaa, kumbe mara nyingi ni kahawa. Nikameza vidonge viwili vya kichwa nikalala. Kulala gani! Moyo ulikwenda mbio usiku kucha. Asubuhi kijana wa duka la dawa alinionyesha maandishi madogo kwenye pakiti: kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini. Nilikuwa nimeikimbia mlangoni nikaikaribisha dirishani.

Kwa hiyo usiache ghafla. Changanya: vijiko vitatu vya ile ya zamani kwa kimoja cha bubu, wiki moja. Halafu nusu kwa nusu, halafu kimoja kwa vitatu. Mimi mara ya pili nilikwenda hivyo, na kichwa hakikuniuma hata siku moja.

Kuipata ni kazi nyingine. Maduka niliyouliza hapa mjini hawakuwa nayo, basi nikamwagiza mpwa wangu aliyeko Mombasa. Mzigo ukapanda basi, ukashuka Mokowe, ukavuka kwa boti. Nikanywa siku nne huku nikiisifia kwa kila mtu: hamna tofauti, jamani, ladha ni ile ile! Siku ya tano mke wangu akavaa miwani akalisoma kopo. Ilikuwa kahawa ya kawaida. Makopo yanafanana rangi, ila neno moja tu dogo pembeni. Siku hizi namwambia mpwa anipigie picha ya kopo kabla hajalipa.

Ilipofika bubu ya kweli, niliipika kama tunavyopika siku zote, nikaiacha itokote kwenye dele, birika letu la kahawa. Ilikuwa ya unga wa kuyeyuka, na ule haupikwi. Ukiuchemsha unatoa ladha ya majivu. Ya kusaga ndiyo inayovumilia moto, na hata hiyo ina namna yake. Twanga tangawizi kavu na iliki, tia kijiti cha mdalasini na karafuu mbili, chemsha na maji peke yake kwa dakika kumi hivi, mpaka jirani aulize kunapikwa nini. Ndipo utie kahawa. Iache ipande mara moja, epua, iache itulie machicha yashuke chini. Bubu ni nyepesi, hiyo haina ubishi, lakini viungo havina kafeini hata chembe, kwa hiyo mkono usiuzuie. Nilikuja kugundua kwamba nusu ya kile nilichokuwa nikikililia ilikuwa tangawizi.

Ami yangu aliyetoka Uingereza aliniletea buni mbichi za aina hii. Zilinishangaza: hazikuwa na ule ukijani, zilikuwa za kahawia tayari kabla ya kuona moto. Kafeini hutolewa buni zikiwa mbichi, wengine kwa maji, wengine kwa kemikali, wengine kwa gesi ya kaboni dioksidi iliyoshindiliwa, na huko kulowekwa na kukaushwa ndiko kunakozibadili rangi. Ukikaanga kwa kuangalia rangi zitakudanganya. Kaanga kwa pua na masikio, na usiondoke jikoni. Fungu la kwanza niliunguza.

Na usijidanganye kwamba ni maji matupu. Kikombe cha bubu hubakiwa na miligramu chache. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe kumi kwa raha zangu, tena nikishushia chai ya rangi kali, nayo chai ina kafeini yake.

Nyumbani tulivurugana kweli. Mitungi miwili ya kioo, unga wa rangi moja. Shoga zake mke wangu walipewa bubu wakapiga miayo magharibi yote. Mimi nikapewa ya kwao nikahesabu boriti za dari hadi usiku wa manane. Sasa mtungi wangu umefungwa uzi mwekundu, na nimenunua dele ya pili, maana machicha ya jana hayana adabu. Mke wangu akiziona zote mbili kwenye seredani, jiko letu la makaa, husema, "Mwenyewe umeshindwa kuoa wa pili, umemwolea dele."

Kilichobaki ni baraza. Pale uwanja wa Mkunguni muuza kahawa ana dele moja, na kikombe cha mwenzio hakikataliwi hivi hivi. Nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, kwa hiyo cha baada ya Alasiri nakipokea, kimoja, na kashata yake. Baada ya Isha nakwenda na themosi yangu kwapani. Walinicheka mwezi mzima, wakiniita mgonjwa. Kisha mzee mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho kitu kinamwacha mtu alale. Siku hizi wako watatu wanaonywea themosi yangu, na bado wananilaumu kwamba tangawizi imezidi.