Nasoma Biblia kila siku, mbona hainitawali?

SWALI: Bwana asifiwe, mchungaji. Nimeokoka miaka mingi, na kila asubuhi nasoma Biblia kwa ratiba ya kuimaliza kwa mwaka. Mistari naijua, hata darasa la Biblia kanisani nafundisha. Lakini likija jambo gumu, najiona naamua kwanza nipendavyo, ndipo natafuta mstari wa kuniunga mkono. Nina ndugu yangu wa damu ambaye hatusemezani kwa sababu ya fedha alizonidhulumu. Nimesoma habari za kusamehe mara nyingi na moyo haujasogea. Je, Neno linapataje mamlaka juu ya moyo, lisiishie kichwani? Na nikitii bila kujisikia kutii, si unafiki huo?

JIBU: Bwana asifiwe sana, mpendwa. Umeuliza swali ambalo wengi wanalo na hawalisemi, hasa sisi tunaofundisha wengine.

Nianze na hilo la Neno kupata mamlaka. Mamlaka ya Maandiko hayatoki kwetu wala hayangoji tuguswe. Paulo anamwambia Timotheo kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu, nalo lafaa kwa mafundisho na kwa kuwaonya watu makosa yao, na kwa kuwaongoza na kuwaadibisha katika haki (2 Timotheo 3:16). Neno lina mamlaka kwa sababu ya aliyelisema. Asubuhi uliyosoma ukiwa mkavu kabisa, lilikuwa na haki ileile ya kukuamuru kama asubuhi uliyolia machozi. Nasisitiza hili kwa kuwa ninawaona waamini wakikaa miaka wakisubiri Neno "liwaingie", na huku maisha yao yanaendeshwa na kitu kingine.

Utajuaje basi nani anakutawala? Tazama pale Neno linapokupinga. Likikubaliana na ulichokwisha kutaka, huwezi kujua kama umelitii Neno au umejitii mwenyewe.

Tazama baba na mwana katika nyumba ya kifalme ya Yuda. Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake Yosia, kuhani Hilkia alikiona kitabu cha torati hekaluni, na mwandishi Shafani akamsomea mfalme. Yosia aliposikia alirarua mavazi yake, akatuma watu kwa Hulda nabii mke wamwulize Bwana, kisha akaingia kazini kuondoa sanamu na madhabahu za kigeni (2 Wafalme 22 na 23). Akaja mwanawe Yehoyakimu. Ulikuwa mwezi wa tisa, mfalme ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake, naye anasomewa gombo la Yeremia. Kila zikisomwa kurasa tatu nne, alizikata kwa kisu akazitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Gemaria, mwana wa yule Shafani aliyemsomea Yosia, alikuwa miongoni mwa waliomsihi asilichome, lakini mfalme hakuwasikia. Yeremia 36:24 inasema mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao.

Usipite haraka hapo. Yehoyakimu alisikia. Alikuwa anasomewa Neno la Mungu nyumbani kwake, sehemu kwa sehemu, na kila sehemu iliishia motoni. Wewe na mimi hatuichomi Biblia. Tuna njia ya upole zaidi: tunasoma "mkisameheana", tunachomwa kidogo, kisha tunafungua sura inayofuata kwa sababu ratiba inadai sura nne. Tunaweka alama ya kumaliza. Neno limesikika na halijaamua chochote.

Hilo la kuamua kwanza na kutafuta mstari baadaye ni zito kuliko unavyolieleza. Kule juu ya kinara cha hekalu, akimjaribu, Ibilisi alimletea Yesu Zaburi ya 91, maneno ya kweli kabisa, ili yatumikie jambo alilokwisha kulikusudia. Yesu hakulikana andiko lile. Alilijibu kwa andiko lingine, Kumbukumbu la Torati 6:16, kwa sababu ahadi ya Mungu haitolewi ili mtu amjaribu Mungu kwayo. Kwa hiyo ukishika mstari mkononi, jiulize ulikuja lini. Kama ulikuja baada ya uamuzi, uweke kando kwanza, usome sura nzima, umtafute mwamini aliyekomaa asiye na faida yoyote katika jambo hilo, umwombe akuambie kama andiko linasema ulichosikia. Watu wa Beroya walimchunguza hata Paulo kwa Maandiko, nao wanasifiwa kwa hilo (Matendo 17:11). Nasema hivi pia kwa ajili ya wale wanaobanwa na watu wengine kwa mistari iliyokatwakatwa: aliyeambiwa anyamaze na kupigwa kwa sababu "Biblia inasema utii", huyo hajatawaliwa na Neno. Ametawaliwa na mtu aliyelishika Neno kama fimbo.

Sasa moyo. Unaposema haujasogea, nadhani unazungumzia hisia. Hisia ni sehemu tu. Danieli 1:8 inasema Danieli aliazimu moyoni mwake kwamba hatajitia unajisi, na hatuambiwi chakula cha mfalme kilikuwa kimeacha kumvutia. Aliazimu. Petro naye alikuwa amekesha usiku kucha bila kupata kitu, mvuvi mzoefu, amechoka, na hakuna dalili kwamba alitarajia samaki. Alisema, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu" (Luka 5:5). Huo si unafiki. Mnafiki ambaye Yesu anamkemea katika Mathayo 6 anatenda ili aonekane na watu. Anayetii huku moyo unamuuma, na kumwambia Mungu wazi kwamba unamuuma, yuko mbali sana na unafiki. Bwana mwenyewe pale Gethsemane hakuficha alichokiomba kabla ya kusema, "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke."

Ila nisikuache ukidhani ni suala la kukaza meno. Katika Ezekieli 36 Mungu anaahidi kuutoa moyo wa jiwe, kutoa moyo wa nyama, na kutia Roho wake ndani ya watu ili waenende katika sheria zake. Kugeuza moyo ni kazi yake. Ndiyo maana mwandishi wa Zaburi ya 119, mtu anayeipenda sheria kwa aya 176, bado anaomba Mungu auelekeze moyo wake kwenye shuhuda zake wala usielekee tamaa (aya 36). Aliyelipenda Neno kiasi hicho hakuuamini moyo wake kuelekea huko wenyewe. Ombi hilo lifanye lako kabla hujafungua ukurasa.

Kuhusu ndugu yako, nimeona jambo katika barua yako. Umesoma habari za kusamehe, na umekuwa ukipima kama uchungu umeisha. Lakini Mathayo 18:15 inakuagiza kitendo: ndugu yako akikukosa, enda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Luka 17:3 pia inataka aonywe, na akitubu, asamehewe. Kwa hiyo Neno halikulazimishi kusema fedha hazikuchukuliwa, wala halikukatazi kudai haki yako, wala halikuagizi umkabidhi nyingine kesho. Linakukataza kukaa kimya na chuki. Ukimya huo ndio ambao Neno linaupinga sasa, na hauhitaji hisia kuuvunja. Chagua siku wiki hii. Mpigie, omba kuonana naye, sema ukweli wa alichokutenda bila kumtukana, na uende ukiwa umekwisha kumkabidhi Mungu kisasi (Warumi 12:19). Akikufukuza, Warumi 12:18 inakutaka ukae kwa amani na watu wote "kama yamkini, kwa upande wenu". Upande wake hutaulizwa wewe.

Ratiba ya mwaka usiitupe, maana inakupitisha hata kwenye sura ambazo usingezichagua. Ipunguze tu. Siku Neno litakapokupinga, simama hapohapo, acha sura zilizobaki, andika kitendo kimoja utakachokifanya na siku ya kukifanya, umwambie mtu mmoja atakayekuuliza. Ukichelewa kumaliza Biblia kwa miezi sita kwa sababu hiyo, chelewa. Na darasa lako la wiki ijayo, kama unaweza, mwachie mwenzako afundishe, wewe nenda ukaonane na ndugu yako kwanza.