Mlango wa Dereva Unalia na Kushuka: Nianzie Wapi?

SWALI: Fundi, salaam. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1994 niliyoachiwa na baba. Mlango wa dereva unapiga kelele kila ninapoufungua, kiasi kwamba jirani zangu wote wanajua saa ninayorudi nyumbani. Nimekuwa nikizitia bawaba mafuta ya nazi; mlango hunyamaza siku mbili tatu, kisha huanza tena, na nilipopanda Lushoto kelele za asubuhi zilizidi. Sasa mlango umeanza pia kushuka, na ni lazima niuinue kidogo ndipo ufunge. Fundi wa mtaani kwetu anasema dawa ni kukishusha kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa. Je, nimkubalie? Msomaji, Tanga.

JIBU: Usimkubalie, angalau kwa sasa. Una magonjwa mawili katika mlango mmoja, na dawa aliyoitaja haitibu hata moja kati ya hayo. Kelele hutokana na ukavu, kutu na uchafu. Kushuka hutokana na kulika kwa pini na bushi (vipete ambamo pini huzunguka) zilizomo ndani ya bawaba. Ukishusha chuma cha kitasa, mlango utafunga bila kuinuliwa, lakini utafunga ukiwa umekaa chini ya mahali pake: ukingo wake utakwaruza rangi, mpira hautabana sawasawa, vumbi na maji ya mvua vitaingia, na kila utakapopita kwenye shimo kitasa kitabeba uzito uliopaswa kubebwa na bawaba. Miezi michache baadaye mlango utashuka tena, na utaambiwa ukishushe chuma kwa mara ya pili.

Anza kwa kupima. Fungua mlango nusu, ushike kwa chini upande wa kitasa, uinue na kuuachia taratibu, huku mwenzako akiwa amechuchumaa na kuzitazama bawaba zote mbili kwa tochi. Akiona jani moja la bawaba linacheza dhidi ya jingine, pini na bushi zimelika. Akiona bawaba nzima inasogea juu ya bati la nguzo au la mlango, bolti zimelegea, na hapo huenda spana ikamaliza kazi. Akiona bati lenyewe la nguzo linapumua au lina ufa kuzunguka bolti, gari liende kwa fundi bodi kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu bawaba mpya juu ya bati lililooza na kutu ni fedha iliyotupwa. Kwa magari yanayoishi karibu na bahari kama la kwako, ningeitazama hali hiyo ya tatu kwa makini zaidi kuliko ambavyo ningefanya kwa gari la Dodoma.

Usidharau mchezo mdogo wa pini. Tuseme mlango una urefu wa sentimita 100, na bawaba ya juu na ya chini zimeachana kwa sentimita 40. Pini ya juu ikicheza milimita 1, ncha ya mlango upande wa kitasa hushuka milimita 2.5, na hiyo inatosha kabisa kukukosesha kufunga. Bawaba ya juu ndiyo yenye lawama kubwa zaidi, kwa kuwa uzito wa mlango huivuta kutoka kwenye nguzo, ilhali ile ya chini husukumwa kuelekea kwenye nguzo. Anayeshuka garini kwa kuuegemea mlango uliofunguka huongeza mzigo huo mara nyingi, nami nashuku marehemu baba yako, kama wazee wengi, alikuwa na mazoea hayo.

Sasa kuhusu mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Lushoto ni baridi kuliko hapo. Ndiyo maana kelele zilikurudia huko. Yaache yabaki jikoni. Zile dawa za kopo za kupuliza zinazofungua nati zilizoshika kutu nazo ni nyepesi mno: husafisha vizuri, lakini hukauka na kuacha chuma kikisagana na chuma. Zisugue bawaba kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa mpaka uchafu wote utoke, kisha uzipanguse na kuziacha zikauke. Utazame uchafu unaotoka. Ukiwa tope jeusi, ni vumbi lililochanganyika na grisi ya zamani. Ukiwa unga wa rangi ya kutu, pini inasaga chuma kitupu na bushi haina kazi tena. Baada ya hapo dondosha oili safi ya injini juu kabisa ya kila pini, huku ukiufungua na kuufunga mlango mara ishirini au thelathini ili oili iteremke ndani. Grisi nyeupe ya lithiamu hupakwa mwishoni, kwa nje na kidogo tu, kuzuia maji ya chumvi. Anayeanza na grisi hukosea, kwa sababu grisi ni nzito na haipenyi kati ya pini na bushi, bali hukaa nje ikikusanya vumbi.

Kelele itakwisha. Kushuka hakutakwisha, na hapo una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kubadilisha bawaba nzima, nayo ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu pini za Corolla zimegongewa vichwa kiwandani na hazikukusudiwa kutolewa. Ukinunua zilizotumika kutoka Japani, kumbuka kwamba huko pia dereva hukaa kulia, hivyo bawaba za mlango huo zimefunguliwa mara nyingi kuliko za milango mingine. Shika majani mawili ya bawaba mkononi, uyatikise kwa kupinda na kwa kuvuta. Ukisikia hata mgongano mdogo, irudishe mezani. Usishawishiwe kuchukua za kushoto eti hazijalika sana, kwani umbo lake limegeuzwa na mara nyingi halikai upande wa kulia.

Njia ya pili ni kuipeleka bawaba kwa mkereza vyuma, atoe pini ya zamani, apanue tundu lililolika hadi liwe duara tena, kisha achonge pini na bushi mpya ya shaba ya manjano. Kazi hiyo ikifanywa kwa vipimo hudumu vizuri. Asiichomelee pini kwa moto, hata akikuhakikishia kwamba amefanya hivyo kwa wateja kumi.

Kuhusu kuutoa mlango kwenye gari, nitasema machache. Watu wawe wawili, na jeki iwekwe chini ya mlango ikiwa na kipande cha ubao na kitambaa juu yake. Kabla ya kulegeza chochote, chora mstari kuzunguka kila bawaba ili ujue ilipokuwa. Tenganisha nyaya zinazopita kwenye mpira kati ya nguzo na mlango. Bolti za upande wa nguzo ni vigumu kuzifikia kwa spana iliyonyooka, hivyo azima yenye shingo iliyopinda. Zaidi ya hayo, katika Toyota nyingi bolti za bawaba za kiwandani zina umbo linalojiweka katikati ya tundu lenyewe, na zikiwa zimefungwa mlango hausogei hata ukiuzungusha siku nzima. Kwa kurekebisha, weka badala yake bolti ya kawaida ya unene uleule yenye washa. Kaza nusu, funga mlango polepole, linganisha mwanya wake na fenda pamoja na mlango wa nyuma, kisha kaza kabisa. Chuma cha kitasa kiguswe mwisho, na huenda kisihitaji kuguswa.

SWALI: Bawaba zangu ni imara na nimezitia oili, lakini mlango bado unatoa mlio wa "ko!" unapofika nusu. Msomaji, Moshi.

JIBU: Hiyo si bawaba. Katikati ya bawaba mbili kuna utepe wa chuma unaoingia ndani ya mlango, kazi yake ikiwa ni kuushikilia usifunguke kupita kiasi wala usijifunge kwenye mteremko. Mafundi wengi huuita stopa. Usafishe, uupake grisi pande zote mbili, kisha ukaze bolti zinazoushikilia kwenye nguzo. Mlio ukibaki, roli au springi zilizomo ndani zimekwisha, na stopa hubadilishwa nzima.